Kijana na Boriti: Historia ya Kunyanyua Uzito katika Delta ya Rufiji

Pawalifti, yaani mchezo wa kunyanyua vyuma vizito kwa mikao mitatu iliyowekwa na kanuni, ni mchezo mchanga katika historia ya michezo, kwa kuwa shirikisho lake la kimataifa liliundwa mwaka 1972, wakati unyanyuaji wa Olimpiki ulikuwa umekwisha kuonekana Athens tangu mwaka 1896. Mshindani huchuchumaa na kusimama huku chuma kikiwa mabegani, hulala chali juu ya benchi na kukisukuma juu kutoka kifuani, kisha hukiinua kutoka sakafuni mpaka asimame wima, na matokeo bora ya mikao hiyo mitatu hujumlishwa kumpata mshindi. Kazi ambayo mchezo huo umeigeuza kuwa mashindano, ya kuutoa mzigo chini na kusimama nao, ina historia ndefu zaidi katika Pwani ya Afrika Mashariki, na ni sehemu chache ambako historia hiyo imeshikamana na ardhi yenyewe kama ilivyo katika delta ya Rufiji. Huko kijana alijifunza kunyanyua kwa kutumia mti wa mkoko uliokatwa, uliojulikana sokoni kwa jina la boriti, na mambo ambayo leo mwalimu wa vyuma humfundisha mwanafunzi wake, kama vile kuanza na uzito mdogo, kuulinda mgongo na kupumzika kwa wakati, yalikuwa masuala ya kila siku ya kazi hiyo. Tofauti kubwa iko katika kujua ni nani aliyekuwa akipanga uzito, na ni nani aliyekuwa akipanga mapumziko.

Mto Rufiji, ambao ni mkubwa kuliko mito yote ya Tanzania, huingia Bahari ya Hindi ukiwa umegawanyika katika mikono mingi, miongoni mwake Simba Uranga, Kikunya, Kiomboni, Bumba na Msala, mbele ya kisiwa cha Mafia. Katikati ya mikono hiyo kuna visiwa vya tope vilivyofunikwa na msitu wa mikoko wa hekta zinazokadiriwa kuwa 53,000, ambao ndio mkubwa kuliko misitu yote ya mikoko iliyo pamoja mahali pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ya delta hiyo leo imo katika Wilaya ya Kibiti, iliyotengwa kutoka Wilaya ya Rufiji katikati ya miaka ya 2010, na mji wa Kibiti wenyewe uko bara kidogo, kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara. Wenyeji wa visiwa vya delta wanaotajwa zaidi katika maandishi ni Wanyagatwa, ilhali Wandengereko na Warufiji wamekaa zaidi katika bonde na nchi ya juu. Lakini mipaka ya majina hayo haikuwahi kuwa ukuta, kwani ndoa, Uislamu, lugha ya Kiswahili na kazi za majini ziliwachanganya watu hao kwa muda mrefu.

Jambo la kwanza la kulielewa katika historia ya unyanyuaji wa delta ni tabia ya mti wenyewe. Magogo ya miti mingi ya bara huweza kufungwa pamoja na kuelea mtoni hadi bandarini, na hivyo maji hubeba uzito ambao binadamu asingeuweza. Mkoko mbichi, pamoja na ndugu zake msinzi na mkandaa, una mbao nzito kuliko maji, na ukiachwa mtoni huzama. Tope la delta halistahimili magurudumu, na katika bonde la Rufiji mbung'o walizuia kwa muda mrefu ufugaji wa ng'ombe na punda ambao wangeweza kukokota. Kwa hiyo, tangu shoka lilipouangusha mti mpaka mti huo ulipolazwa ndani ya chombo, hapakuwa na njia nyingine isipokuwa bega la mtu. Hesabu rahisi inaonyesha maana yake: boriti mbichi yenye urefu wa mita 4 na unene wa sentimita 12 ina ujazo unaokaribia sehemu 45 kwa elfu za mita moja ya ujazo, na kwa kuwa mti huo ni mzito kuliko maji, uzito wake hufikia kilo 50 hivi. Chuma cha mashindano ya pawalifti, kabla ya kuwekewa sahani za uzito, kina kilo 20.

Biashara iliyoyafanya mabega hayo yawe na thamani ni ya kale sana. Mwanajiografia al-Istakhri, aliyeandika katika karne ya 10, alieleza kwamba nyumba za Siraf, bandari tajiri ya Ghuba ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa mbao zilizoletwa kutoka nchi ya Zanj, jina ambalo waandishi wa Kiarabu waliipa pwani ya Afrika Mashariki. Ghuba ile ina jua na chumvi lakini haina misitu ya miti mirefu iliyonyooka, na mbao za mikoko zilipendwa huko kwa sababu hazishambuliwi upesi na mchwa na hustahimili dari nzito za udongo na mawe. Upande wa pwani ya Waswahili wenyewe mti huo ulitawala hata umbo la nyumba. Dari za nyumba za mawe za Kilwa, Unguja na Lamu zililala juu ya boriti zilizopangwa kwa karibu, na kwa kuwa boriti iliyonyooka vizuri haikuwa ndefu bila kikomo wala haikuweza kubeba dari pana kupita kiasi, vyumba vilijengwa virefu na vyembamba, kwa upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi. Wasomi wa usanifu majengo wamelieleza jambo hilo kama kikomo cha mti. Inafaa kuongeza kwamba lilikuwa pia kikomo cha mbebaji, kwa maana mti mrefu na mnene zaidi ungepatikana msituni, lakini kuutoa humo kungehitaji watu wengi waliofungamana katika njia nyembamba kati ya mizizi.

Soko liliigawa miti hiyo katika madaraja, na madaraja hayo ndiyo yaliyokuwa ngazi ya kijana kuingia kazini. Fito, miti myembamba ya kufungia kuta za udongo na mapaa, zilibebwa kwa matita. Pau zilikuwa nene zaidi, za kushikilia makuti juu ya paa. Boriti zilikuwa na unene wa sentimita 8 hadi 14 hivi na ndizo zilizokuwa roho ya biashara ya ng'ambo, ilhali nguzo zilizidi hapo na nyingine hazikuweza kubebwa na mtu mmoja. Hesabu ilifanywa kwa korija, yaani fungu la miti 20, kipimo kilichojulikana kutoka Lamu mpaka Kilwa. Mtoto aliyeandamana na baba au mjomba wake msituni angeweza kubeba tita la fito lililopunguzwa kwa kiasi cha umri wake, kwa kuwa tita hufungwa na kufunguliwa, lakini boriti haipunguzwi: ama mtu anasimama nayo, ama anaiacha. Siku ambayo kijana aliibeba boriti peke yake kutoka kisikini hadi ukingo wa kijito ilikuwa, kwa mantiki ya kazi hiyo, siku ambayo malipo yake yaliweza kuhesabiwa kwa korija kama ya mtu mzima. Wagiriki wa kale walisimulia habari za Milo wa Croton, aliyembeba ndama kila siku mpaka ndama akawa fahali, na walimu wa vyuma duniani kote hupenda kuitaja hadithi hiyo wanapoeleza kanuni ya kuongeza uzito kidogo kidogo. Katika delta ya Rufiji ngazi kama hiyo ilitengenezwa na ukuaji wa mti, fito ikiwa miaka michache tu ya mkoko uleule ambao ukiachwa hufikia kuwa nguzo.

Namna ya kuinua boriti haikuwa ya kutumia nguvu bila akili. Mti mrefu uliolala chini hauinuliwi kwa kushikwa katikati na kuvutwa juu, kwa sababu ncha zake mbili huyumba na kumwangusha mwinuaji. Mbebaji huuinua upande mmoja kwanza, huusimamisha kiasi, kisha huingia chini yake akiwa amechuchumaa na kuutafuta kwa bega mahali pa kusawazisha, ambapo uzito wa mbele na wa nyuma unalingana. Akishapapata, husimama kwa nguvu za mapaja huku kiwiliwili kikiwa kimenyooka. Mtu aliyezoea ukumbi wa mazoezi angeutambua mkao huo papo hapo, kwa kuwa ni ule wa kwanza kati ya mitatu ya pawalifti, ila uzito umelala juu ya bega moja badala ya mawili. Kuinua tita la fito kutoka ardhini kunakaribia mkao wa tatu. Mkao wa pili, ule wa kusukuma chuma mtu akiwa amelala, hauna jamaa yake katika kazi za delta, na hilo halishangazi, kwani hakuna kazi ya binadamu inayomtaka alale chini ya mzigo wake. Kilichokuwapo badala yake ni kazi ya kuipitisha boriti kutoka begani hadi kwenye ubavu wa jahazi uliokuwa juu ya kichwa cha mbebaji, mwenzake akiipokea kutoka ndani, na makosa katika hatua hiyo yaliumiza vidole na vifua.

Ardhi ilikuwa sehemu ya uzito. Mguu unaozama katika tope mpaka kwenye goti lazima ung'olewe kabla ya kupiga hatua nyingine, na wakati wa kuung'oa, uzito wote wa mtu na boriti hubaki juu ya mguu mmoja. Mizizi ya mkoko, inayotoka kwenye shina juu ya ardhi na kujipinda kuingia topeni, hukata njia kila baada ya hatua chache, na ile ya mti wa mchu, inayochomoza wima kutoka ardhini, hutoboa nyayo. Zaidi ya hayo walikuwapo mbu, mamba na viboko. Msemo wa Waswahili kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi unalenga tabia ya mtu kuudharau uzito asioubeba, na maandishi mengi ya wageni juu ya biashara ya boriti yanastahili kusomwa kwa kukumbuka msemo huo, kwa sababu yanahesabu korija zilizopakiwa kwa makini makubwa na kupita kwa haraka juu ya watu waliozitoa msituni.

Hata hivyo, delta ilikuwa na mpangilio wake wa mapumziko, na huo haukuwekwa na tajiri wala serikali. Kupwa na kujaa kwa bahari katika pwani hiyo hufikia tofauti ya mita 3 hadi 4 wakati wa bamvua, yaani vipindi viwili vya kila mwezi mwandamo ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, na hupungua wakati wa maji mafu yanayofuata. Maji yalipojaa msituni haikuwezekana kukata wala kubeba, na maji yalipokupwa kabisa vyombo vilikaa juu ya tope na vijito vidogo havikupitika. Kwa hiyo siku iligawanyika katika vipindi vya kazi nzito na vya kungoja, na mwezi nao uligawanyika: boriti zilirundikwa kwenye kingo za vijito, kisha bamvua ilipofika mitumbwi na madau yaliingia ndani kabisa na kazi ya kupakia ikafanywa kwa mkupuo. Wakufunzi wa pawalifti wa leo hupanga majuma mazito na mepesi kwa kupishana ili mwili ujijenge wakati wa nafuu, na hulieleza jambo hilo kama elimu ya kisasa. Wabebaji wa delta walikuwa wakiishi ndani ya mpango unaofanana na huo kwa amri ya mwezi. Chakula chao nacho kilitoka mahali palepale: samaki na kamba wa mitoni, wali wa mashamba ya delta, nazi na muhogo. Waswahili husema mwili haujengwi kwa matofali, na katika hilo bonde la Rufiji, lililouza mchele Unguja katika karne ya 19, halikuwa maskini.

Mabadiliko makubwa ya kwanza yalikuja na utawala wa Wajerumani. Mwaka 1898 serikali ya kikoloni iliitangaza mikoko ya delta kuwa hifadhi ya msitu, miongoni mwa hifadhi za mwanzo kabisa katika nchi ambayo sasa ni Tanzania Bara, na kituo cha misitu kikawekwa Salale, ndani ya delta. Tangu hapo mti ambao wenyeji walikuwa wakiukata kwa taratibu zao ulihitaji kibali na malipo, na mkata mti akawa kibarua au mkosaji. Pamoja na boriti, serikali na makampuni yalitaka magome ya mkoko, yenye kemikali ya kulainishia na kuhifadhia ngozi katika viwanda vya Ulaya. Magome yalibanduliwa, yakakaushwa na kufungwa mizigo, na kazi ya kubeba ikaongezeka bila mti kuongezeka. Katika mfumo huo wa vibali na mikataba, kasi ya kazi ilianza kupangwa na tarehe ya meli na hesabu ya ofisi, na mpango wa zamani wa bamvua ukawa jambo la kupigana nalo.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia iliifanya delta ijulikane duniani, na simulizi zake zinazorudiwa zaidi zinahusu meli ya kivita ya Ujerumani iliyoitwa Königsberg. Meli hiyo, chini ya nahodha Max Looff, iliizamisha meli ya Waingereza Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha ndani ya mikono ya Rufiji kwa sababu mitambo yake iliharibika. Sehemu zilizohitaji kufanyiwa matengenezo zilisafirishwa kwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam na kurudishwa. Waingereza waliifungia njia ya kutokea baharini, na tarehe 11 Julai 1915 meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ziliipiga mpaka Wajerumani wenyewe wakaizamisha mtoni. Hapo ndipo wanahistoria wengi wa kijeshi humalizia sura, ilhali kwa historia ya unyanyuaji sura hiyo ndiyo kwanza inaanza. Mizinga yote 10 ya meli hiyo, ya kipenyo cha milimita 105, ilitolewa kutoka kwenye mabaki yaliyozama nusu, ikapelekwa Dar es Salaam kutengenezewa magurudumu, na baadaye ikaburutwa katika nchi nzima kwa miaka miwili iliyofuata ya mapigano. Mtutu mmoja peke yake ulikuwa na uzito unaozidi tani 1. Katika nchi isiyo na wanyama wa kukokota wa kutosha, mizinga hiyo ilivutwa kwa kamba na mikono ya Waafrika waliokusanywa kwa nguvu vijijini. Baadhi ya mizinga hiyo inaonekana hadi leo, mmoja ukiwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa, na mwingine Pretoria, na juu yake yanasomwa majina ya meli na ya vita. Majina ya walioivuta hayakuandikwa popote.

Kubeba kwa vita kulikuwa tofauti na kubeba boriti kwa namna iliyowaua watu. Mpagazi wa jeshi alipewa mzigo wa kilo 25 hadi 30 hivi, ambao kwa mzoefu wa delta ni nusu ya boriti, lakini aliubeba siku baada ya siku kwa mamia ya kilomita, akila posho pungufu ya chakula asichokizoea, bila maji kupwa wala kujaa ya kumpumzisha. Mwanzoni mwa mwaka 1917 majeshi yalifika Mto Rufiji, mvua kubwa zikalifurisha bonde, na wapagazi wa pande zote mbili wakafa kwa kuhara damu, malaria na njaa kwa wingi uliozidi kwa mbali vifo vya askari. Makumi ya maelfu ya wapagazi walipotea katika vita hivyo vya Afrika Mashariki. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam limetokana na kikosi chao. Jambo ambalo historia hiyo inalithibitisha ni kwamba mwili wa kijana unaweza kuhimili uzito mkubwa ukipewa muda, chakula na usingizi, na unaweza kuuawa na uzito mdogo ukinyimwa hivyo vitatu.

Baada ya vita, chini ya Waingereza, biashara ya boriti ilirudi katika mkondo wake wa pepo. Majahazi ya Ghuba yalikuja na kaskazi, upepo wa kuanzia Desemba, yakiwa na tende, chumvi na mazulia, na yalihitaji kuondoka kusi ilipoanza kuvuma, kwa hiyo Februari hadi Aprili ndiyo miezi ambayo delta ilijaa vyombo. Baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alisafiri katika msimu wa 1938 hadi 1939 ndani ya jahazi la Kikuwaiti la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, na katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1940 alieleza jinsi jahazi hilo lilivyoingia Rufiji kupakia boriti katika tope, mvua na joto. Maelezo yake na picha alizopiga ni miongoni mwa ushahidi bora wa maandishi tulio nao juu ya kazi hiyo, ingawa jicho lake lilikaa zaidi juu ya mabaharia wa Kikuwaiti kuliko juu ya wenyeji waliokata miti. Boriti zilizopakiwa misimu ile zilikwenda Oman, Bahrain, Kuwait, Basra na bandari za Uajemi, na dari za nyumba za zamani za huko ambazo zimehifadhiwa kama makumbusho bado zinazo.

Kazi ya kuvuta na kuinua kwa pamoja ilihitaji pumzi zilingane, na hapo sauti ilikuwa chombo cha kazi kama kamba. Mmoja aliita na wengine wakaitikia, na nguvu ilitolewa katika itikio, si katika mwito, ili kila bega lipokee sehemu yake kwa wakati mmoja. Mwito wa harambee ulikuwa wa wafanyakazi wa pwani ya namna hii kabla Jomo Kenyatta hajaufanya kaulimbiu ya taifa la Kenya mwaka 1963. Nguzo inayobebwa na watu wanne, mmoja akichelewa kusimama, humwangukia yule mwenye bega la chini, na kwa sababu hiyo mgeni aliwekwa kati ya wazoefu wawili. Katika ukumbi wa vyuma wa leo watu wawili husimama pembeni ya mnyanyuaji, tayari kukidaka chuma kikimshinda. Ulinzi ni uleule, isipokuwa kwamba katika delta walinzi nao walikuwa chini ya mzigo.

Vijana wengi wa Rufiji hawakuishia delta. Kuanzia miaka ya ukoloni walihamia Dar es Salaam, ambako kufikia miaka ya 1950 Warufiji walikuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wakazi, na wengi wao waliingia katika kazi zilizolipa nguvu za mwili, zikiwamo za uchukuzi wa bandarini. Makuli wa bandari, kama walivyoitwa wapakiaji na wapakuaji wa meli, walikuwa vibarua wa kutwa ambao uzito wao wa kazi ulipangwa na msimamizi, na waliushughulikia mpangilio huo kwa njia ambayo wakataji wa delta, waliotawanyika vijitoni, hawakuwa nayo: waligoma. Migomo ya mwaka 1939, 1943 na 1947 katika bandari ya Dar es Salaam inahesabiwa miongoni mwa hatua za mwanzo za harakati za wafanyakazi nchini, na ule wa 1947 ulisambaa mpaka kwenye miji ya njia ya reli. Madai makuu yalikuwa mishahara na masharti ya kazi, na masharti hayo kwa mtu anayebeba ni pamoja na uzito, idadi ya saa, na malipo ya siku anapoumia.

Biashara ya ng'ambo ilidhoofika kwa sababu zilizotoka nje ya delta. Mafuta yaliyoitajirisha Ghuba yaliingiza huko saruji na nondo, na nyumba zikaacha kuhitaji boriti. Majahazi makubwa yakapungua katika miaka ya 1960 na 1970. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Tanzania ilizuia ukataji wa mikoko ili kupanga upya matumizi yake, na mwaka 1991 ukatolewa mpango wa usimamizi wa mikoko ya Tanzania Bara ulioandaliwa na Adelaida Semesi, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao uliigawa misitu katika sehemu za kulindwa kabisa, za kuvunwa kwa kibali na za kupandwa upya. Mwaka 2004 ardhioevu ya Rufiji, Mafia na Kilwa iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo yenye umuhimu wa kimataifa. Boriti bado hukatwa kwa ajili ya ujenzi wa vijijini na visiwani, kwa kibali na bila kibali, na bado hubebwa begani, kwa kuwa mti haujabadilika wala tope.

Katika miaka hiyohiyo mchezo wa vyuma ulienea mijini. Kijana wa Kitanzania anayetaka kuwa mtu wa miraba minne, yaani mwenye mwili uliojengeka kifua, mabega na mgongo, mara nyingi huanza uani au chini ya mwembe, kwa bomba la chuma lililochomekwa katika makopo mawili ya zege, na lugha ya mitaani imeupa mwanzo huo jina la kupiga vyuma. Akiingia katika pawalifti yenyewe hukutana na utaratibu ambao babu yake wa delta hakuwahi kuupata. Kundi la vijana la shirikisho la kimataifa huanzia miaka 14 hadi 18, na huwekwa mbali na watu wazima. Mshindani hupangwa kulingana na uzito wa mwili wake, hupewa majaribio matatu kwa kila mkao, hutaja mwenyewe uzito anaotaka kuujaribu, na waamuzi watatu huamua kama ameunyanyua kihalali. Katika tawi la mchezo huo kwa watu wenye ulemavu, ambalo hutumia mkao wa benchi peke yake, Mkenya Hellen Wawira Kariuki alipata medali ya shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022, na mafanikio yake yamewaonyesha vijana wa eneo zima kwamba njia ya kuingia mchezoni si moja.

Nje ya ukumbi, uzito bado hupangwa na mwingine. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa uzito wa juu ambao mfanyakazi mmoja anaweza kuubeba, pamoja na pendekezo lililotaja kilo 55 kwa mwanamume mtu mzima na kutaka mizigo ya wanawake na ya vijana wasiofikia miaka 18 iwe midogo zaidi; kwa bahati, boriti ya kawaida ya Rufiji inaangukia karibu na kikomo hicho. Gunia la mazao la leo halianguki hapo. Kanuni za vipimo za Tanzania zinakataza lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kushonewa kilemba, na zinataka gunia lisizidi kilo 100, kiwango ambacho kwa bega la mpakiaji ni karibu mara mbili ya kile cha mwaka 1967. Magunia hayo, ya korosho, mkaa, mpunga na nazi, hupakiwa na vijana kando ya barabara kuu ya Kibiti, na shehena nyingine hushushwa na kupandishwa Nyamisati, bandari ya kwenda Mafia. Wakala wa Vipimo imeendesha kampeni nyingi dhidi ya lumbesa, na hoja inayosikika zaidi katika kampeni hizo ni haki ya mkulima, ambaye huuza kilo nyingi kwa bei ya gunia moja. Hoja hiyo ni ya kweli na ina uzito wake, lakini gunia lilelile linalompunja mkulima bei hupita juu ya mgongo wa kijana anayelipwa kwa idadi ya magunia, bila kujali kilo zilizomo, na yeye katika hesabu hiyo hajaingizwa.